Mombasa kwa Nauli ya Matatu: Siku Nne Kisiwani na Ng'ambo Yake

Wageni wengi wa Mombasa hushukia hoteli ya Nyali au Diani, wakakodi gari siku moja likawapitisha Fort Jesus na kwenye Mapembe ya Moi Avenue, zile sanamu za pembe za ndovu, wakapiga picha, wakarudi ufuoni. Pesa ya gari lile ingewatosha nauli na chakula cha siku kadhaa, na wangeuona mji wenyewe. Mombasa ni mji wa kutembea kwa miguu, kupanda matatu na kuvuka feri. Ukipanga vizuri, utaona karibu kila kinachofaa kuonwa bila kukodi gari hata mara moja.

Siri ya kupanga ni hii: Mombasa ni kisiwa, na njia kuu za kutoka ni tatu. Kaskazini unapita Daraja la Nyali, magharibi unapita Makupa, kusini unavuka feri ya Likoni. Pesa na saa za wageni hupotelea pale wanapochanganya, asubuhi wako Bamburi, mchana wanaikimbilia Diani, jioni wamekwama kwenye foleni. Ipe kila njia siku yake, na kisiwa chenyewe kikipe siku yake. Huu mwongozo unakwenda kwa mpango huo.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kupanga siku

Hili ndilo wageni kutoka bara hawaambiwi, na ndilo linaloamua kama safari ya ufuoni itakuwa tamu au itakuwa ya kukaa mchangani ukiitazama bahari kwa mbali.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila kukicha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita mita 3. Kwenye pwani ya Mombasa, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja alasiri. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mambo hugeuka: asubuhi ile utakuta maji yamejaa, na alasiri yamepwa, ingawa hayaendi mbali.

Kwa hiyo, ukitaka kutembea mwambani asubuhi uwaone samaki wa rangi, viti vya pweza na kaa kwenye vidimbwi, chagua siku za mwanzo za mwezi wa Kiislamu, au kuanzia tarehe 15 hadi 17. Ukitaka kuogelea siku hizo, ngoja alasiri. Kama unachotaka ni kuogelea asubuhi tu, siku za maji mafu zitakufaa zaidi. Usipokuwa na kalenda, muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kufikiri.

Ukienda mwambani vaa viatu ambavyo hujali vikilowa, maana kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukikuingia unavunjikia ndani. Usikanyage matumbawe, pita kwenye mchanga. Na maji yakianza kurudi, rudi nayo. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, wakati pale uliposimama bado pakavu.

Kuhusu misimu, kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta jua kali na maji maangavu. Mvua ya masika hupiga sana Aprili na Mei. Kusi nayo huleta upepo, bahari huchafuka, na mwani hujaa ufuoni, lakini mjini ndiyo miezi mizuri ya kutembea kwa sababu joto limepungua.

Hatua ya 2: Cha kubeba

Kitambulisho. Hili ni la kwanza kwa sababu makumbusho na hifadhi za serikali zina bei ya raia na bei ya wageni wa nje, na tofauti ni kubwa. Raia wa Afrika Mashariki naye aulize bei yake langoni kabla ya kulipa. Weka pesa kwenye simu, kwani sehemu nyingi za serikali sasa hazipokei taslimu. Hata hivyo usikose noti ndogo na sarafu za matatu, kahawa na madafu.

Nauli za ndani ya mji kwa kawaida huwa kati ya shilingi 50 na 100, na hupanda mvua ikinyesha na jioni watu wanapotoka kazini. Uliza nauli kabla ya kupanda, tena muulize abiria aliye karibu nawe, si makanga. Tuktuk na boda mnapatana bei kabla hujaketi. Simu usiishike karibu na dirisha la matatu lililo wazi.

Beba pia leso, yaani kanga, au kitambaa kikubwa cha kujifunika. Mji wa Kale ni mtaa wa watu wenye heshima zao, wana misikiti yao na watoto wao. Mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, utapokewa vizuri na utaongeleshwa.

Hatua ya 3: Siku ya kisiwani

Anza mapema na mahamri na mbaazi za nazi, pamoja na chai ya rangi. Ukifika Mji wa Kale mnamo saa moja, upande wa Makadara au Kibokoni, fuata harufu ya iliki na mafuta ya moto. Wanaopika huwa wako vibarazani mwao. Ni chakula cha kushibisha hadi mchana, na ni rahisi kuliko mayai na mkate wa hotelini.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Ingia saa hiyo, kabla ya jua na kabla ya mabasi ya shule. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na wakaitwaa Desemba 1698, baada ya njaa na maradhi kuwamaliza waliokuwa ndani. Waingereza wakaigeuza gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Usizunguke kuta tu. Tafuta ukuta wenye michoro ya mabaharia wa Kireno: wamechora meli, watu na samaki, kama watu waliokuwa na siku nyingi na kazi kidogo. Angalia vyombo vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697, wakati wa mzingiro ule ule. Halafu panda Nyumba ya Waomani, utazame mkono wa bahari unaoingia Bandari ya Kale. Ukisimama hapo utaelewa kwa nini watu walipigania jabali hili kwa miaka mia kadhaa: hakuna chombo kingeingia bila kupita chini ya mizinga.

Waongozaji watakufuata nje ya lango. Si lazima umchukue mmoja, lakini mzuri ana faida, hasa kwa Mji wa Kale. Patana naye bei moja ya ngome na mtaa pamoja, uitamke bei ile mara mbili, kisha ndipo muanze kutembea.

Kutoka ngomeni ingia Ndia Kuu ukatembee taratibu. Macho yaelekeze juu kwenye roshani za mbao, kisha milangoni kwenye nakshi. Utapita Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe mnene, ambao asili yake ni karne ya 16. Ukiteremka utafika Bandari ya Kale, ambako zamani majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Uhindi yakarudi na kusi. Siku hizi vyombo ni vichache, ila pana soko la samaki lenye pilikapilika asubuhi. Picha pale bandarini usipige mpaka uruhusiwe, na watu pia waombe kwanza.

Zingatia siku. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, basi uwe umemaliza mzunguko kabla ya saa sita. Mwezi wa Ramadhani hoteli za mtaani nyingi hulala mchana, lakini jioni mitaa hufurika kaimati, sambusa, viazi karai na vitumbua, na hakuna wakati mzuri zaidi wa kula Mombasa kwa pesa kidogo.

Kutoka hapo tembea hadi soko la Marikiti. Ndani kuna viungo: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, binzari. Wauzaji wa mlangoni wana pakiti nzuri zilizopangwa kwa ajili ya watalii. Pita, ingia ndani, uombe vipimwe kutoka kwenye gunia, unuse kwanza. Achari ya maembe, ubuyu na kachiri ni zawadi zinazobebeka na hazitakufilisi.

Jirani ni Biashara Street, mtaa wa leso. Hapa tenga muda. Leso huuzwa jozi, kitambaa kimoja chenye vipande viwili vilivyoungana. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akikunjue chote mbele yako. Soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa, maana ukimpelekea mama mkwe leso yenye maneno ya mafumbo kwa kuvutiwa na rangi, utakuwa umetuma ujumbe usioujua. Kisha shika kitambaa, ukikunje kidogo kiganjani, uone kama ni pamba. Mafundi wa cherehani wapo pale pale kibarazani. Fundi atakata katikati, ageuze upindo, apitishe mashine pande zote, na kabla hujamaliza madafu yako leso zako ziko tayari, kwa pesa ndogo sana.

Mchana kula biriani au wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye hoteli ya wenyeji. Ukiona makuli na madereva wamejaa, ingia. Baada ya hapo pumzika. Jua la saa nane si la kutembelea. Mapembe ya Moi Avenue ni ya miaka ya 1950, na dakika tano zinayatosha ukiwa unapita.

Jioni ni ya Mama Ngina. Ni bustani ndefu iliyo juu ya mwamba, ina mibuyu mikubwa, upepo hauishi, na hakuna kiingilio. Mlango wa Kilindini uko hapo mbele yako, na meli za makontena zinazoingia au kutoka bandarini hupita karibu hata ukawaona mabaharia wamesimama. Nunua mihogo. Muuzaji huipasua iliyokwisha kuchomwa, huchukua nusu ndimu akaichovya kwenye pilipili ya unga na chumvi, kisha huisugua ndani ya muhogo mpaka unga uingie kwenye nyufa. Kula ukingali moto. Muuza kahawa chungu naye atapita na dele lake, akigonga vikombe. Jumapili familia za Mombasa nzima ziko hapa, na mimi naona ndiyo siku nzuri kuliko zote.

Hatua ya 4: Siku ya kusini

Watu huiogopa feri ya Likoni kwa umati wake. Lakini umati huo una mwelekeo: asubuhi watu wanatoka Likoni kuja kazini kisiwani, jioni wanarudi nyumbani. Wewe uliyelala kisiwani unakwenda kinyume chao, asubuhi na jioni. Vuka saa moja asubuhi, utapata nafasi ya kusimama ukingoni. Anayevuka kwa miguu halipi chochote, na hakuna safari ya baharini ya bure inayoishinda hii. Meli kubwa ikija, feri huingoja ipite. Simu iweke ndani, kwani picha haziruhusiwi, na mkoba uvae mbele.

Ukishuka ng'ambo, panda hadi stegi ya matatu, uchukue ya Ukunda. Ni kama kilomita 30. Ukunda utapata matatu au tuktuk ya kwenda Diani ufuoni. Ufuo ni wa umma. Hoteli zimejipanga juu yake, lakini njia za kuteremkia zipo, uliza wenyeji. Wakati wa kuoga na wakati wa kwenda mwambani utaupanga kwa kile ulichoona kwenye mwezi. Wenye boti watakufuata. Kama unataka kwenda, ulizia bei ya boti nzima au ya mtu mmoja, saa ngapi mtakaa, na vifaa vimo au havimo. Kama hutaki, sema "asante, leo sitaki" ukiwa unaendelea kutembea.

Barabara ya Diani ina ngazi za kamba zilizotundikwa juu, mti hadi mti. Hizo ni za mbega, wale weusi wenye nywele nyeupe mabegani, wavuke bila kugongwa na magari. Inua macho asubuhi au jioni utawaona. Usiwape chakula.

Sasa, Kaya Kinondo. Ukiwa na nafasi ya mahali pamoja tu kusini, nenda hapa. Ni kipande cha msitu cha kama hekta 30, upande wa kusini wa Diani, ambacho Wadigo wamekitunza kwa vizazi. Makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na Kinondo ni miongoni mwa yale machache ambayo wazee wamekubali wageni waingie. Unaingia na mwongozaji wa pale pale, ukiwa umefungwa kaniki nyeusi kiunoni. Huruhusiwi kuchukua kitu chochote, hata jani lililoanguka. Wapenzi hawabusiani mle ndani. Atakuonyesha mti wa dawa ya tumbo, mti wa dawa ya homa, na mizizi iliyolipasua jiwe la matumbawe. Kiingilio kinasaidia jamii inayoutunza msitu. Sauti iteremshe bila kuambiwa. Pale ni mahali pa ibada.

Ikibaki saa moja, upande wa kaskazini wa ufuo wa Diani kuna Msikiti wa Kongo, umejengwa kwa mawe ya matumbawe kati ya mibuyu, pale mto unapoingia baharini. Bado unasaliwa, kwa hiyo nenda ukiwa umevaa nguo, si za kuogelea.

Ondoka Ukunda saa kumi na moja jioni, usichelewe zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Siku ya kaskazini

Kanuni hapa ni kuanzia mbali ukirudi karibu. Panda matatu ya Mtwapa ukiwa Buxton au Kengeleni, vuka daraja la Mtwapa, umwambie makanga akushushe njia ya Jumba la Mtwana. Kutoka barabarani ni kilomita chache hadi baharini, chukua boda.

Jumba la Mtwana ni mji wa Waswahili wa karne ya 14 na ya 15 uliohamwa, na leo ni magofu chini ya mibuyu. Pana misikiti, visima, na nyumba zenye vyoo na mahali pa kuogea ambavyo vingemridhisha mtu wa leo. Ingia Nyumba ya Milango Mingi uhesabu vyumba. Kisha teremka hadi msikiti ulio ukingoni mwa bahari. Kwenye kaburi lililo kando yake kuna maandishi ya Qur'ani: kila nafsi itaonja mauti. Wageni huwa wachache, hasa siku za kazi. Mimi nashangaa jinsi watu wanavyopita pale kwenda Malindi na Watamu bila kushuka.

Ukirudi, shuka Bamburi uingie Haller Park. Hapa palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lenye chumvi lisiloota kitu. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kujaribu miti, na mivinje ikastahimili. Tatizo likawa majani yake membamba hayaozi, kwa hiyo udongo haukuzaliwa. Akaleta majongoo, wale wenye miguu mingi myekundu tunaowaona masika. Majongoo yakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na miti mingine ikapata pa kushika. Leo pana viboko, twiga, kobe wakubwa na mamba. Ukiwa na watoto, uliza saa za kulisha twiga ndipo ununue tiketi.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates, uko jirani. Wikendi una makelele mengi, ngamia, maboya ya kukodi, na watoto kila mahali. Sikukuu hapafai kwa anayetaka utulivu. Njiani kurudi, pale Kengeleni, angalia kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka biashara ya utumwa. Watu maelfu huipita kila siku wakikimbilia matatu.

Hatua ya 6: Siku ya magharibi, kwa anayependa historia

Hii ni nusu siku. Panda matatu ya kwenda Mazeras, kisha nyingine au boda hadi Rabai. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo cha misheni hapa mwaka 1846. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Kamusi ya Krapf ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Pana makumbusho madogo, kanisa na nyumba zao, na watunzaji wana muda wa kuzungumza nawe. Hewa ni ya vilimani, na minazi inakwenda hadi macho yanapoishia.

Usiiweke Rabai siku ya kupanda treni ya Nairobi, hata kama kituo cha Miritini kinaonekana kiko njiani. Foleni ya malori hapo haitabiriki, na kituoni mizigo hukaguliwa na mbwa kabla hujaruhusiwa kuingia. Siku hiyo uwe Miritini saa nzima kabla ya treni kuondoka, tiketi na kitambulisho mkononi.